Mwaka Ambao Zamu za Maji Zilikuwa Zinafutika

Mama Sekela alizikwa Ubaruku siku ya jua kali, na tuliporudi kutoka makaburini nikaketi na wanawake waliokuwa wanapepeta mchele wa kuwalisha waombolezaji. Ndipo Edgar, aliyewahi kuwa bosi wangu, aliponiona. Sikumtegemea. Nywele za mbele zimemwondoka, amenenepa shingo, na koti alilovaa lilikuwa la mtu anayeshuka kwenye gari lenye kiyoyozi. Alinipa pole, akachuchumaa pembeni ya jamvi. Kisha akasema, "Ungesubiri kidogo tu mwaka ule, Tupo. Mambo yote yangekwisha kimyakimya." Wanawake waliacha kupepeta. Nilimwangalia, nikaona anaamini kabisa anachosema, kwamba miaka yote hii amekuwa akinionea huruma kwa haraka yangu. Nikamwambia, "Kaka Edgar, hicho kimyakimya ndicho nilichokikataa. Na leo ningekikataa tena." Alicheka kidogo, akasema nimebaki mbishi vilevile. Ndiyo. Nimebaki. Na kwa kuwa aliyekuwa na haki ya kuusimulia mwaka ule tumemfukia leo, nitausimulia mimi.

Habari za ukoo wangu na nilivyofika chuo naziacha. Hazina kitu cha ajabu. Naanzia kwenye chumba cha Mlandege, mjini Iringa, ghorofani juu ya duka la mabomba na rangi la Mzee Kanji. Kampuni yetu ilikuwa watu wanne na meza tatu. Ukuta kati yetu na ofisi ya Edgar ulikuwa wa plaiwudi, na sakafu ya mbao ilipitisha kila harufu ya chini: asubuhi rangi na tapentaini, mchana bizari na vitunguu vinavyokaangwa na mke wa Mzee Kanji nyuma ya duka. Baridi ya Iringa mwezi wa sita nilikuwa nimeambiwa, ila sikuwa nimeiamini. Nilifanya kazi nimevaa sweta mbili, vidole vinagoma kwenye kibodi, mpaka Mama Kanji apande ngazi na sahani ya bagia za dengu na chupa ya chai ya tangawizi. "Binti, kula kwanza," alikuwa akisema, "kompyuta haitaondoka." Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na kidogo, nimetoka chuo na cheti kinachong'aa, na Edgar kwangu alikuwa mtu mkubwa. Ndiye aliyenifundisha kusoma makosa ya programu bila hofu. Nayasema haya ili ijulikane kwamba sikugombana naye kwa chuki. Nilimheshimu, na ndiyo maana iliuma.

Kazi tuliyokuwa nayo ilikuwa mfumo wa zamu za maji. Wakulima wa mpunga kule Mbarali wanagawana maji ya mfereji mmoja, na kila mmoja ana siku yake ya kufunguliwa banio maji yaingie kwenye majaruba yake. Zamu zinabadilika kila mara: huyu amepanda mapema, yule amebadilishana na jirani, mwingine amefiwa akaomba asogezwe mbele. Zamani mambo hayo yalikwenda kwa mdomo, na kwa mdomo yakaleta hata mapanga. Basi wafadhili wakatoa fungu, Edgar akashinda kazi, na katibu wa zamu wa skimu moja ya umwagiliaji ya Ubaruku akapewa simu yenye programu yetu. Katibu huyo ndiye Mama Sekela. Akibadilisha zamu kwenye simu, kila mkulima anapata ujumbe. Data yote ilikaa kwenye seva ya kukodi, mbali, kwenye hilo linaloitwa wingu. Programu ilikuwa imefungwa ndani ya kontena, yaani kifurushi chenye kila kitu inachohitaji, ambacho seva inakifungua na kukiendesha. Tulijivunia sana kontena ile. Ikikwama, wingu lilikuwa linaitupa lenyewe na kufungua nyingine mpya kutoka kwenye kifurushi kilekile, na mtumiaji hajui lolote.

Malalamiko yalianza mvua zilipokatika. Kule Ubaruku zamu zilikuwa zinageuka zenyewe. Mkutano wa wakulima ulikuwa umeamua kwamba msimu ule waanze watu wa mkiani mwa mfereji, maana mwaka uliotangulia maji hayakuwafikia wakavuna makapi. Mama Sekela akaingiza mpangilio huo. Ukakaa, halafu siku moja watu wakaamka wakakuta mwenyekiti wa skimu, Mzee Ngogo, na majirani zake wa juu wako mbele tena. Mama Sekela akarekebisha. Ukageuka tena. Kila anaporekebisha, watu wanapata ujumbe mpya unaopingana na ule wa jana, na kila ujumbe una jina lake chini. Haikuchukua muda, maneno yakaenea kwamba katibu anacheza na zamu, kwamba anasogeza watu wake, kwamba amepewa kitu. Mzee Ngogo hakuwa na haja ya kusema mengi. Alikuwa akionyesha simu yake tu: "Kompyuta imesema ni zamu yangu. Mimi nani nibishane na kompyuta?"

Edgar alinituma niende nikamfundishe upya yule mama, kwa maneno yake, "namna ya kubonyeza hifadhi." Nilimkuta kwake akichambua maharage chini ya ukingo wa bati. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene wa mikono, asiyepandisha sauti. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, na jina langu, Tupo, lilipomwonyesha kwamba mimi ni wa Rungwe, alikozaliwa yeye, akasema kwa Kinyakyusa "ndaga, mwanangu," yaani asante, akanivutia kigoda. Nilimwomba anionyeshe anavyofanya. Akafanya. Hakukosea popote. Alibonyeza hifadhi, akasubiri alama ya kijani, akafunga, akafungua tena kuhakikisha. Kisha akaweka simu juu ya ungo wa maharage kama kitu kinachonuka. "Mwanangu," akasema, "kwenye mashine ya kukoboa siku hizi nikifika na gunia langu, wenzangu wanasogea. Wananipisha kama mgonjwa. Na wewe umetumwa kuja kuniuliza kama najua kubonyeza." Tulikula wali na maharage. Jioni alinitembeza kwenye majaruba ya watu wa mkiani. Mpunga ulikuwa na mimba, unakaribia kutoa masuke, na udongo chini yake umepasuka hata unaweza kuingiza kiganja. Mjane mmoja alikuwa amesimama katikati ya jaruba lake haongei na mtu. Mama Sekela alimsalimia kwa mbali. Yule mjane akageuza uso.

Nikarudi Mlandege na uso ule kichwani. Nimewahi kuulizwa na vijana ninaowafundisha siku hizi kwamba niligunduaje tatizo, na wanategemea hadithi ya akili nyingi. Hakukuwa na akili nyingi. Niliamua tu kumwamini yule mama, na ukishamwamini mtu, unaanza kuitilia shaka mashine. Jumamosi, ofisi tupu, nikaingia kwenye mfumo, nikajiandikisha mwenyewe juu kabisa ya orodha ya zamu, nikaona jina langu limekaa. Nikaizima kontena. Ikawaka mpya. Jina langu halikuwepo. Juu kabisa alikuwepo Mzee Ngogo na majirani zake, kwa mpangilio ule waliojiandikisha wakati wa majaribio, miezi kabla skimu haijaanza kuutumia mfumo. Nikaelewa palepale. Orodha ya majaribio ilikuwa imefungwa ndani ya kifurushi. Kila alichoandika Mama Sekela kiliandikwa ndani ya kontena, na kontena ikitupwa, kinatupwa nacho. Kila tulipotoa toleo jipya, kila seva ilipopumzishwa, ile mpya ilizaliwa ikikumbuka majaribio tu. Kazi yote ya yule mama ilikuwa inakwenda jalalani, na sisi tunamwita asiyejua kubonyeza.

Nilimsubiri Edgar Jumatatu nimefungua kompyuta yangu tayari. Kabla sijaingia kwake nikasikia anaongea na simu nyuma ya plaiwudi, sauti yake ile ya kuzungumza na wafadhili: "Ndiyo, changamoto ni uelewa wa watumiaji wa mwisho. Yule katibu ana shida kidogo. Uongozi wa kule unashughulikia kumbadilisha. Mkija mtakuta mambo yametulia." Nikaingia kabla hajaweka simu chini vizuri. Nikamwonyesha. Nikaandika jina, nikazima, nikawasha, jina likapotea. Hakushtuka. Aliangalia dirishani, kwenye mabati ya Mlandege, akasema, "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Nilikuwa na wasiwasi toka toleo la pili. Nilipanga tuweke diski ya nje, muda ukabana. Tutaiweka, Tupo. Wageni wakishaondoka. Tutaiweka kimyakimya, na hakuna atakayeuliza."

"Na Mama Sekela?"

"Mama Sekela ni mtu mzima. Watamtoa kwenye ukatibu, atapumzika, yatapita."

"Wanataka kumpeleka polisi, kaka Edgar. Niliyasikia kulekule Ubaruku. Mkutano wa wakulima ni Alhamisi."

Akavuta pumzi ndefu, kama baba mbele ya mtoto anayelilia kitu dukani. "Ukisema kosa ni letu, mradi unakufa. Mradi ukifa, hao wakulima unaowahurumia hawapati mfumo kabisa. Fikiria picha kubwa." Nimesikia maneno hayo mara nyingi tangu siku ile, kwenye vikao vya kila aina, na nimegundua kwamba katika hiyo picha kubwa kuna mtu mmoja mdogo ambaye daima ndiye anayekatwa ili picha itoshee. Sikumjibu vizuri. Nilisema tu, "Siwezi." Akaniambia nikienda Ubaruku nisirudi. Nikashuka ngazi. Mzee Kanji alikuwa anampimia fundi kipande cha bomba, na kwa sauti tulizokuwa nazo lazima alikuwa amesikia kila kitu. Hakuniuliza. Alisema tu, "Nenda na sweta, huko njiani Makambako baridi," akaendelea kupima.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa mashine ya kukoboa, pumba zinaruka, watu wamekaa juu ya magunia. Mama Sekela alikuwa amewekwa kwenye benchi peke yake mbele. Mzee Ngogo alikuwa anasoma makosa ya mama huyo alipoona mkono wangu juu. "Wewe binti ni nani?"

Nikasimama. "Shikamoo mwenyekiti. Mimi ni mmoja wa waliotengeneza huu mfumo. Nimekuja kusema kwamba mfumo wetu ndio unaosahau. Mama Sekela hajafuta jina la mtu."

Kelele zilipanda. Mzee Ngogo akanyoosha mkono zikashuka. "Mashine haisahau," akasema kwa upole, karibu kwa huruma. "Anayesahau ni mtu. Na anayeiba ni mtu."

Sikuwa na la kuwaonyesha. Nilipojaribu kuingia kwenye seva kwa simu nikakuta nimeshafungiwa. Edgar hakupoteza muda. Nikabaki na mdomo tu. Nikawaeleza nilivyoweza: kwamba kila tunapotuma toleo jipya, ile programu ya zamani inatupwa pamoja na kila alichokiandika katibu, na ile mpya inaanza na orodha ya siku ya majaribio. Nikaona nyuso hazinielewi. Ndipo yule mjane wa jaruba lililopasuka akasimama, mkono kiunoni. "Ngoja," akasema. "Ule ujumbe wa 'karibu kwenye toleo jipya', mmeutuma mara ngapi? Maana mimi kila nikiupata, kesho yake maji anayo mwenyekiti." Mwingine akasema, "Hata mimi." Kisha mwingine. Watu wakatoa simu, wakaanza kutafuta ujumbe wa nyuma, wanalinganisha, na sauti ikapanda taratibu kwenye magunia mpaka mashine ya kukoboa ikazimwa ili watu wasikike. Mzee Ngogo alijaribu kufunga mkutano. Hakuna aliyeondoka. Mama Sekela hakulia wala hakushangilia. Aliinuka kwenye benchi lile, akaenda kukaa na wenzake, na safari hii wakampisha kwa namna nyingine, wakasogeana ili apate nafasi katikati.

Lakini ukweli peke yake haumwagilii mpunga. Zamu sahihi zilikuwa zimetupwa, hazipo popote duniani, na masuke hayangojei. Nilikuwa sina kazi, sina seva, nina kompyuta moja ya mkononi. Mama Sekela ndiye aliyetoa wazo. "Kila mtu hapa," akasema, "anajua nani anampa maji na yeye anampa nani. Hilo hakuna anayelisahau." Siku iliyofuata wakatoka wote kwenye tuta la mfereji mkuu. Akawa anapita akiuliza, "Nani anakupa? Wewe unampa nani?" na kila aliyejibu akaenda kusimama nyuma ya anayempa na mbele ya anayepokea kwake. Palitokea ugomvi hapa na pale. Waliobadilishana walibishana, wakaamuliwa na majirani. Polepole tuta likajaa mstari mrefu wa watu, wanaume na wanawake, wenye majembe begani, wenye watoto mgongoni. Mzee Ngogo hakuja. Walipofika mahali pake, karibu na mwisho kabisa kwa kuwa walianza watu wa mkiani, jirani yake wa juu na jirani yake wa chini wakaacha nafasi ya mtu mmoja kati yao. Hakuna aliyewaambia. Mimi nilitembea kutoka kichwa cha mstari hadi mkia nikiandika majina kwenye kompyuta, viatu mkononi, matope hadi magotini, na nilijua kwamba nikiyapoteza majina haya sitastahili kugusa kibodi tena.

Nikapanga chumba Ilomba, jijini Mbeya, kwenye nyumba yenye parachichi uani, na jirani wa chumba cha pili, mwanamke wa Kisafwa aliyekuwa akishusha karoti na viazi kutoka mlimani, akanizoea kwa kuwa nilikuwa napika kande ileile kila siku nikisahau kuitoa jikoni. Huko niliandika mfumo upya, mdogo kuliko ule, bila nakshi, kwenye seva ndogo niliyoikodi kwa akiba yangu. Kitu kimoja nilikifanya kabla ya vyote: niliweka data nje. Kontena inaendesha programu, lakini kila jina na kila zamu vinaandikwa kwenye diski inayojitegemea, ambayo watu wa kazi yetu wanaiita volyumu. Kontena inaunganishwa nayo tu, kama anayeazima ghala la jirani. Kontena ife, itupwe, izaliwe nyingine, itaunganishwa na diski ileile na kukuta kila kitu mahali pake. Na kwa kuwa diski nayo ni kitu cha kuharibika, nikaweka nakala ya kila siku kwenye seva nyingine kabisa, na nikajaribu kuirejesha nakala hiyo mpaka nikaamini. Haya si maarifa ya ajabu. Yapo kwenye ukurasa wa mwanzo wa kila somo la kontena. Edgar aliyajua kuliko mimi. Hakukosa ujuzi, aliona tu kwamba wanaosahauliwa ni watu ambao hawatamfikia Mlandege kumuuliza.

Nikarudi Ubaruku mpunga wa mbele ukiwa umeanza kutoa masuke na ule wa mkiani ukiokolewa kwa maji ya zamu za mstari, ambazo Mama Sekela alikuwa akizitangaza kwa mdomo, akitembea. Tukakutana tena uwanja wa mashine. Safari hii Mzee Ngogo alikuja, akakaa pembeni na fimbo yake. Mama Sekela akashika simu, akasoma orodha kwa sauti toka juu hadi chini, kila mtu anaitikia jina lake. Kisha akanigeukia. "Sasa izime."

Nikaizima kontena. Watu wakaniangalia kana kwamba nimechinja kitu. Ikawaka mpya. Mama Sekela akafungua simu, akasoma jina la kwanza: yule mjane. Jina la pili. La tatu. Uwanja ukaanza kunong'ona.

"Zima tena," akasema.

Nikazima. Ikawaka. Akasoma. Mjane juu, vilevile.

"Zima tena!" Sasa hakuwa yeye. Ilikuwa sauti ya nyuma, kwenye magunia, halafu nyingine, halafu uwanja mzima, wanaume wazima wakicheka na kupiga kelele, zima tena, zima tena, na mimi nikawa nazima na kuwasha kama mwendawazimu, huku Mama Sekela akisoma majina yaleyale bila kuchoka, bila kupandisha sauti, mpaka wakawa wanayataja pamoja naye kabla hajayafikia. Mzee Ngogo alisubiri kelele zishuke. Akakohoa. "Na mimi," akauliza, "nipo wapi?"

Mama Sekela alishusha kidole kwenye simu, chini, chini zaidi, karibu na mwisho. Angeweza kusema mengi. Uwanja mzima ulikuwa unamngojea aseme mengi.

"Upo, mwenyekiti," akasema. "Zamu yako Jumapili. Jembe lako uje nalo."